Salamu Iliyobaki Mlimani

Nimechoka kuulizwa. Tangu Jumatatu kila ninayekutana naye, darasani, kisimani, hata kanisani watu wakiwa wamefumba macho, ananinong'oneza, "Gwakisa, eti ilikuwaje?" Nikifika katikati ya hadithi kengele inalia. Nikianza upya anatokea mwingine aliyesikia kwa mwingine kwamba nilimwibia Mzungu baisikeli nikaenda kunywa pombe milimani. Sikuiba. Na sikunywa, nilionja. Basi naandika yote humu daftarini mara moja, mpeane kwa zamu, na atakayeniuliza tena nitampa baisikeli yenyewe aende akajionee.

Chanzo mnakijua, lakini daftari hili litafika hata kwa wale wa darasa la chini ambao hawajui kitu, kwa hiyo nasema. Bwana Mchungaji wetu alikuwa anasafiri Jumatatu kwa meli kutoka Itungi, anarudi kwao Ulaya, na mwenzake wa kushika nafasi yake haji mpaka mvua zijazo. Jumapili ilikuwa ya mwisho ya yeye kuandaa Meza ya Bwana. Na mama yangu, yule Mkisi mfinyanzi mnayemnunulia vyungu na kusema ghali, amengoja miaka miwili kupokewa mezani. Mara ya kwanza aliambiwa hajazijua amri kumi kwa mpangilio. Mara ya pili alizijua mpaka kinyumenyume, lakini mzee wa kanisa, Mzee Lwitiko, alisimama akasema amemsikia akimtukana mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amekanyaga vyungu sita vibichi. Vyungu sita! Malaika gani angenyamaza?

Safari hii mambo yalikuwa shwari mpaka Jumatano, Bwana alipofungua chupa ya divai, akaonja, na uso wake ukajikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Imekuwa siki. Bila divai hakuna Meza. Bila Meza mama yangu anarudi nyuma, angoje Mzungu mwingine afike, ajifunze lugha yetu, amjue mama, kisha ahadithiwe habari za mbuzi upya.

Sasa huko juu milimani, mbele ya Ipinda, yupo Mzungu mwingine aliyepanda mizabibu nyuma ya kanisa na kukamua divai yake mwenyewe. Kwa miguu huwezi kwenda na kurudi kabla ya Jumapili. Bwana akaniita.

"Gwakisa, unajua kuendesha baisikeli?"

"Sijui, Bwana."

"Gwakisa."

"Kidogo, Bwana."

"Kila Jumanne nakupa uioshe, nawe unaiosha mpaka Ngonga. Utaondoka kesho alfajiri."

Mwaka mzima nimejificha bure! Mama akanipa chungu kidogo alichokifinyanga mwenyewe, chenye shingo nyembamba kama ya bata, na gunzi la kuzibia. Akakifunga kwa kamba kwenye keria, akakikagua huku na huku, kisha akasema, "Kisivunjike." Hakusema mimi nisivunjike. Chungu.

Kutoka ziwani mpaka Ngonga

Aliyewaambia kwamba baisikeli ni chombo cha mwendo hajawahi kuipanda katika nchi yenye wazee.

Mnajua wenyewe tulivyolelewa. Ukikutana na mzee njiani unatoka pembeni, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, unasema, "Mugonile, tata," naye anaitika, kisha anauliza umeamkaje, baba ameamkaje, ng'ombe wameamkaje, migomba, mpunga, na wewe wajibu kimoja kimoja ukiwa umeinama. Kwa mtu wa miguu si kazi. Lakini mimi nilikuwa juu ya chuma. Kumpita mzee ukiwa juu kuliko kichwa chake ni sawa na kumkanyaga. Kwa hiyo namwona mzee, napiga breki, nashuka, nailaza baisikeli upande chungu kisiguse chini, nachuchumaa, napiga makofi, tunamaliza habari za migomba, nasimama, nainua chuma, nasukuma, narukia. Nikizungusha pedali mara kumi, mzee mwingine.

Na siku hiyo, sijui nani aliwaamsha, wazee wote wa pwani ya ziwa walikuwa njiani. Mmoja alinipita Ngonga kwa miguu yake, nikamwamkia. Nikapanda, nikampita kwa kushuka na kumwamkia tena. Nilipokuwa namwamkia mwingine mbele, yule wa kwanza akanipita. Tulipokutana mara ya nne hata yeye alichoka. Akasema, "Mwanangu, kama unataka kufika, shuka utembee."

Bwana alikuwa amenifundisha neno moja la kusema nikifika kule: divai. Akanionya nisilisahau, maana barua aliiandika kwa Kijerumani na huenda mwenye kuisoma asiwepo. Nikawa nalirudia kila nikizungusha pedali: di-vai, di-vai. Lakini kila mzee alikuwa analikata katikati. Di... mugonile tata... ng'ombe hawajambo tata... vai.

Mto Mbaka

Mwenye mtumbwi pale Mbaka ni mtu mrefu mwenye mdomo mrefu kuliko kasia lake. Aliniona nakuja nimebeba baisikeli begani, kwa kuwa njia ya kuteremkia mtoni ni ya utelezi, na chungu nimekipakata kifuani.

"We kijana, hicho ni nini?"

"Baisikeli."

"Ya nini?"

"Ya kumbeba mtu."

Akanitazama mimi, akaitazama, akanitazama tena. "Na leo ni zamu ya nani?"

Watu wote mtumbwini wakacheka, hata mama mmoja aliyekuwa na kuku wake, naye kuku akachangia. Nikayatazama maji kwa hasira mpaka ng'ambo. Nikipanda kutoka mtoni, chuma bado begani, nikamsikia akipaza sauti, "Ukirudi uwahi! Jua likigusa mlima mimi naenda kula, simvushi mtu, hata awe na farasi!"

Sentensi hiyo ishikeni. Itanitesa mbele.

Ipinda, kwa binamu yangu

Ipinda nilifika jua likielekea kushuka, mwendo ambao bibi yangu angeumaliza mchana akiwa na mzigo wa kuni. Karibu na hapo binamu yangu Ambilikile na vijana wa rika lake wamejenga kijiji chao, vibanda vipya vya mianzi, hakuna baba wala mama, kila mtu mfalme. Walinipokea vizuri sana, siwezi kusema uongo. Walinipa mbalaga, zile ndizi za kupika zimelainika na maziwa mgando juu yake, nikala mpaka mkanda ukaomba msamaha.

Kisha wakaitazama baisikeli.

"Mzunguko mmoja tu," akasema Ambilikile.

"Hapana. Ni ya Bwana."

"Mbalaga ilikuwa tamu?"

"Tamu."

"Basi."

Walikuwa kumi na wawili. Walitafuta kichuguu kirefu kupita vyote, wakawa wanapanda juu na kuteremka wakipiga kelele, na kila mmoja akifika chini anashikilia breki kwa nguvu zake zote kama anamkaba mwizi. Breki ya baisikeli ile ni kipande cha mpira kinachobana tairi la mbele. Wa kumi na mbili alipofika chini, kipande kilikuwa kimebaki ukubwa wa kucha ya kidole kidogo.

Nilipiga kelele. Niliwaita majina ambayo Mzee Lwitiko angeyasikia, mama yangu asingepokewa mpaka kiama. Ambilikile akasema, "Usilie, tutatengeneza." Akachuna ganda la mgomba, akalikunja mara nne, akalifunga pale kwa kamba, akarudi nyuma kulitazama kama Mungu siku ya sita. "Hii ni bora kuliko ya Ulaya," akasema.

Kupanda

Ijumaa nilipanda mlima. Nikisema nilipanda, maana yake mimi na baisikeli tulipanda, mimi nikiwa chini yake. Milima ile haina mchezo. Njia inapita kando ya migomba, inaingia kwenye korongo, inavuka kijito cha maji baridi ya kung'ata meno, inapanda tena kana kwamba imesahau kitu juu. Kila ukifika kileleni unaona kilele kingine kimekaa kinakusubiri.

Vijiji vya huko ni vya zamani sana, nyua zimefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga. Juu ya kimojawapo kuna msitu mdogo wa miti mikubwa ambamo wamezikwa watawala wa kale, na kila apitaye pale hunyamaza. Hata mimi nilinyamaza, jambo ambalo mwalimu wetu wa hesabu hajawahi kulipata kwa fimbo. Chini yake tu watu walikuwa wamezunguka chungu kikubwa cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakanisogezea mrija mmoja. Hapo ndipo nilipoonja. Kuonja kwenyewe kulikuwa kwa kiu, na mrija ulikuwa mrefu, pombe ilichelewa kufika, kwa hiyo ilibidi nivute zaidi ya mara moja.

Penye sehemu ya tambarare nikapanda, nikawa naenda vizuri, na kwenye kona nikapiga kengele, ngiring'i! Mwanamke kijana aliyekuwa anakuja na mtungi kichwani akapiga ukelele, akatupa mtungi, akazama migombani. Nikasimama. Nikaona kisigino tu.

"Dada, samahani, nimekutisha?"

"Baba mkwe yuko wapi?" sauti ikatoka migombani.

"Baba mkwe gani? Niko peke yangu."

"Huyo aliyepiga hodi!"

Nikaelewa. Huko, kama kwetu, mkamwana hamwoni baba mkwe wake kwa macho, na baba mkwe mwenye adabu akikaribia kona hukohoa au hupiga kitu ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Dada huyu aliposikia kengele alidhani mkwe wake amenunua kikohozi kipya cha chuma. Alipotoka na kuona ni mimi, hakuna tusi alilolibakiza. Mtungi ulikuwa umevunjika. Nami, mwana wa mfinyanzi, niliumia kuliko yeye, maana niliutambua mkono: ulikuwa mtungi wa Kikisi, wa kwetu.

Kwa Mzungu wa zabibu

Nikafika alasiri. Mizabibu ile nimeiona, ipo kweli, imepangwa mistari kwenye mteremko, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti chake kama watoto wa darasa la kwanza. Mwenye mizabibu hayupo, ameenda kumwona mgonjwa. Aliyekuwepo ni mzee wa kanisa wa huko, mfupi, mwenye koti lenye vifungo mpaka kooni.

Nikachuchumaa, nikapiga makofi, tukamaliza ng'ombe na migomba. Akauliza, "Umetumwa nini, kijana?"

Nikafungua mdomo. Neno halipo.

Ndugu zangu, lilikuwa limeanguka. Lilianguka kwa mzee wa ishirini au wa thelathini, sijui lipo kichaka gani kule Ngonga, mtu akilipata alirudishe. Nikamnyoshea barua, akaigeuza, akasema Kijerumani hakijui. Anangoja. Mimi nawaza mama yangu. Nikatafuta neno la Kinyakyusa, na mnajua vizuri kwamba kwa kila kinywaji kinachochangamsha tuna neno moja tu.

"Ubwalwa," nikasema. "Nimetumwa ubwalwa bwa kanisa."

Alisimama kama amekalia siafu. "Pombe? Mwanafunzi wa misheni, umepanda mlima na mali ya Mzungu, unatafuta pombe kanisani?" Akasogea, akaninusa. Na mimi, mnakumbuka, nilikuwa nimeonja. "Na imeshakuingia!"

Akachukua baisikeli akaifungia kwenye ghala la mahindi. Akanikalisha kwenye benchi la kanisa nijifunze Zaburi mpaka Bwana wake arudi. Nilikaa pale nikiwa nachemka kwa hasira, njaa na Zaburi. Ninatoka ziwani, nimebeba chuma mlima mzima, kwa ajili ya kanisa, halafu kanisa lenyewe linanifunga kwa ulevi!

Mzungu wa zabibu alirudi jioni, akaisoma barua akiwa bado na kofia kichwani, akacheka mpaka akashika ukuta. Akakijaza chungu mwenyewe, akakiziba. Akakigonga kwa kidole, akasikiliza mlio, akauliza nani amekifinyanga. "Mama yangu." Akasema kwa Kinyakyusa chake cha kujikwaa, "Mama yako fundi." Yule mzee wa vifungo alinifungulia ghala bila neno. Ningependa neno moja. Hata "ndaga" tu, pole kijana. Hakuna.

Kushuka

Jumamosi asubuhi, ndipo kwa mara ya kwanza katika safari nzima baisikeli ilinibeba mimi. Jamani! Upepo, migomba inakimbia kurudi nyuma, chungu kimetulia kifuani mwangu, nimekifunga kwa kamba ya mama. Nikasema, kumbe ndiyo hii. Kwa muda wa kona nane au tisa niliwasamehe wote.

Kwenye mteremko wa mwisho, ule mrefu unaoelekea Ipinda, nikabana breki, nikasikia harufu ya ndizi ya kuchoma. Ganda la Ambilikile lilikuwa linaungua. Kisha likachomoka likaenda zake. Na mbele yangu, katikati ya njia, anapanda kwa fimbo taratibu, mwenye kofia nyeusi ninayoijua hata nikiwa usingizini: Mzee Lwitiko.

Mikono imeshika usukani, siwezi kupiga makofi. Miguu haina pa kukanyaga. Nilimpita juu kwa juu kama kipanga, nikasema, "Mu..." na sehemu iliyobaki ya salamu niliisemea bondeni, ndani ya tope la shamba la mpunga, nikiwa chali, chungu nimekikumbatia. Kilikuwa kizima. Hakikutoka tone.

Nikawa naichomoa baisikeli topeni na kukata ganda jipya, Mzee akanifikia. Alikuwa amegeuza njia. Alikuwa ameazimia kwenda kumjulia hali baba mkwe wake, baba wa mke wake, anayekaa mlima uleule, na kurudi siku hiyohiyo, lakini hasira ilimrudisha.

Nikachuchumaa haraka topeni. "Mugonile, tata!"

Hakuitika.

"Tata, breki ilikatika."

"Gwakisa," akasema, "kesho Bwana atauliza kama kuna mwenye neno juu ya mama yako. Nilitaka kunyamaza. Nimemsamehe mbuzi. Lakini nyumba ambayo mtoto wake anampita mzee juu ya kichwa kama ndege, nyumba hiyo imefundishwa nini? Nitasimama."

Nilisikia baridi, na si ya tope. "Tata, nimekwisha kukuamkia hapa."

"Hapa? Salamu uliiacha kule juu." Akanyosha fimbo mlimani. "Itachukuliwa kule kule."

Kupanda tena, jambo ambalo halikuwa na sababu

Nani duniani, nawauliza, nani amewahi kupanda mlima kwenda kusema habari za asubuhi wakati jua limekwisha geuka? Tulipanda. Mzee mbele kwa fimbo, mimi nyuma na chuma na chungu. Kila mara alisimama kutazama huku na huku.

"Ni hapa, tata?"

"Hapana. Palikuwa na jiwe."

Majiwe yote ya mlima ule yanafanana! Mwishowe akaliona jiwe lake, akasimama palepale alipokuwa amesimama, akashika fimbo vilevile, hata kofia akaigeuza ilivyokuwa. Nikachuchumaa, nikapiga makofi. Akaitika kwa ukamilifu wote. Akauliza baba, akauliza ng'ombe, migomba, mpunga. Hatuna ng'ombe, anajua. Akauliza hata hivyo.

"Sasa ndiyo," akasema. Kisha akatazama jua, akatazama goti lake lililovimba kwa kupanda, na nikaona jambo likimwingia akilini. Mimi lilikuwa limeniingia zamani. Mwenye mtumbwi. Jua likigusa mlima hatuvuki Mbaka, na tusipovuka Mbaka leo hakuna divai kesho.

"Tata," nikasema, "kaa keria."

"Mimi? Juu ya hicho?"

"Au tulale hapa jiweni."

Akakaa. Nilimpa chungu akipakate kwa mikono miwili, nikafunga ganda jipya kwenye breki, nikasema sala fupi nisiyofundishwa shuleni.

Kushuka tena, watu wawili

Ganda lilidumu kona mbili.

"Gwakisa, punguza!"

"Nimepunguza, tata!"

"Hivi ndivyo kupunguza?"

Kona ya tatu ikafunguka, na pale njiani alikuwa amesimama mzee sana, mweupe nywele zote, amebeba mkungu wa ndizi. Nikamsikia Mzee Lwitiko nyuma yangu akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya mlimani. Alikuwa baba mkwe wake. Mtu aliyempa mke. Mtu ambaye Mzee Lwitiko, na mvi zake, na ukubwa wake kanisani, humchuchumalia kama mimi ninavyomchuchumalia yeye. Kumbe alikuwa amesikia mkwewe yuko karibu, akatoka na ndizi kumlaki.

Mikono ya Mzee Lwitiko ilikuwa kwenye chungu. Makofi hayawezekani.

"Mugonileee, tataaa..." akalia, na lile "tata" tukaliacha nyuma likining'inia hewani. Niligeuka kidogo nikamwona yule baba mkwe, mkungu umemdondoka, mdomo wazi, anakitazama kichwa cha mkwewe kikipita juu ya kichwa chake.

Tukaingia topeni palepale pangu, shimo lilikuwa bado na umbo langu. Mimi nilizama mpaka kiunoni. Mzee Lwitiko alizama mpaka kifuani, kofia haijulikani ilipo, lakini mikono yote miwili ilikuwa juu, imenyoshwa, na chungu cha mama yangu kimo ndani yake, kikavu.

Tukatazamana. Tope lilikuwa linamdondoka kwenye nyusi.

"Tata," nikasema kwa upole wote nilionao, "turudi juu? Salamu imebaki kule."

Nilingoja kofi. Akatazama jua. Akatazama mlima.

"Sukuma, mwanangu," akasema. "Mtumbwi utatuacha."

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita mwanangu.

Mwenye mtumbwi alikuwa tayari anafunga kamba. Alipotuona, tope kuanzia juu mpaka chini, mmoja na chuma na mmoja na chungu, aliuliza jambo moja tu: "Na leo zamu ilikuwa ya nani?" Mzee Lwitiko akamwambia avushe, anyamaze.

Jumapili

Bwana alikifungua chungu mapema, mimi nikiwapo. Akamimina kidogo, akaonja. Uso wake ukajikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Ndugu zangu, uso uleule! Mkunjo uleule wa Jumatano! Nimeenda mlimani, nimefungiwa baisikeli ghalani, nimezikwa topeni mara mbili, kuleta siki tuliyokuwa nayo kabatini. Nikamtazama Bwana. Bwana akanitazama. Akafuta mdomo.

"Safi sana," akasema.

Kanisani akauliza kama kuna mwenye neno juu ya mama. Mzee Lwitiko akasimama. Mama akakishika kitambaa chake kwa nguvu, nikaona vidole vyake, vile vyenye udongo usiotoka kwenye kucha. Mzee alikohoa. Kofia yake mpya ilikuwa ya kuazima, inamfika masikioni. Alitazama kila mahali ila kwangu.

"Nyumba ya mama huyu ina adabu," akasema, akakaa upesi.

Mama akaenda mezani. Miaka miwili. Alikunywa kama wengine, macho yamefumbwa, na uso wake haukujikunja hata kidogo. Ni yeye peke yake ambaye hakujikunja, kanisa zima. Tulipotoka nje nikamkimbilia.

"Mama, ilikuwaje?"

Alifikiri. Akafuta jicho kwa kiganja.

"Hakikuvuja," akasema.

Ndiyo hivyo. Bwana ameondoka na meli, baisikeli ameiacha shuleni, na mimi ndiye ninayeiosha, sasa waziwazi. Mzee Lwitiko hajapanda mlima kwa baba mkwe wake mpaka leo. Na kila nikikaribia kona ya kwake nikapiga kengele, naona migomba inatikisika na ncha ya fimbo inapotelea ndani, kama mkamwana aliyesikia kikohozi. Wenzangu wananiambia nipite tu. Siwezi, nimejifunza. Nashuka, nailaza baisikeli upande, nachuchumaa mbele ya migomba, napiga makofi polepole, naiuliza imeamkaje, na ng'ombe wameamkaje, na mpunga, na baba mkwe kule mlimani.

Haijaitika bado. Lakini sisimami mpaka nimalize.